Siu-hong na Suria wa Kwenye Tivii

Siu-hong alikuwa mtetezi wa Bibi Yun. Banda zima la chaza lilijua hivyo, na wateja waliokuja kununua chaza asubuhi walijua pia, kwa sababu sauti yake ilifika barabarani.

Bibi Yun alikuwa suria katika tamthilia ya zamani za kifalme iliyoonyeshwa kila asubuhi kwenye tivii iliyofungwa kwenye nguzo. Alianza kama binti wa mwandishi mdogo wa serikali. Kufikia wakati ninaousimulia alikwisha kumsukuma nje malkia wa pili, na sasa alikuwa anakitaka kiti cha enzi chenyewe, siyo kwa ajili ya mwanawe bali kwa ajili yake. Sisi tulikaa kwenye vigoda vyetu, visu mkononi, tukifungua chaza bila kuziangalia, macho yetu kwenye kioo.

"Yule kaua mtu," alisema Bong-chi. "Kamtilia mwenzake sumu kwenye chai, na wewe unampigia makofi."

"Na mfalme kaua wangapi?" Siu-hong alijibu. "Kaua kaka zake watatu kabla hatujanywa chai. Mbona hukumwita shetani?"

"Mfalme ni mfalme."

"Haya basi! Na yeye anataka kuwa mfalme. Kosa lake liko wapi?"

Bong-chi alikuwa wifi yake Siu-hong, dada wa mumewe, mwanamke mfupi aliyepita miaka sabini. Jina lake ni la wasichana wa zamani, waliozaliwa wakati wazazi walitaka mvulana. Maana yake ni kwamba huyu naye kazaliwa, basi mlee tu. Yeye alimpenda Sang, mtumishi wa jikoni wa Bibi Yun, ambaye alichotaka ni kuachiwa huru afungue kibanda cha chai nje ya ukuta wa kasri.

"Yule ndiye mwenye akili," Bong-chi alisema. "Anajua kiasi."

"Kiasi!" Siu-hong alicheka. "Wifi, wewe ukipewa mbingu utaomba upande wa kivulini tu."

Tulicheka sote, na Bong-chi mwenyewe alicheka. Mabishano yao yalikuwa hivyo, hayakuacha kovu.

Mwezi wa tatu binti yake Siu-hong, Pe-yu, alikuja kutoka mji wa Taichung siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya samaki wa barafu, ana mume anayeendesha malori ya masafa marefu, na mtoto mmoja wa kike wa miaka saba, Ning-ning. Alisimama mlangoni mwa banda na viatu vyake vya mjini, akikwepa maji yaliyotapakaa sakafuni.

"Mama, wanataka nikasimamie kiwanda chao cha Vietnam. Miaka miwili."

"Wanataka, au umeomba?"

"Niliomba."

"Na mtoto?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nilifikiri akae hapa na wewe. Shule iko karibu, na baba yake atakuwa anakuja kila akipata nafasi."

Siu-hong hakuacha kufungua chaza. "Mtoto ana mama," alisema. "Mimi si mama yake."

"Mama, ni miaka miwili tu."

"Nimesema."

Kwenye tivii Bibi Yun alikuwa akivikwa pambo la nywele, muziki umepanda. A-mui, mdogo wetu kuliko wote, ambaye ulimi wake humtangulia, akasema, "Lakini dada, si jana tu ulisema mwanamke akitaka kitu..."

Siu-hong alitupa kisu kwenye beseni, akavua glavu, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Pe-yu alibaki amesimama pale.

Watu wengi hapa hawajui kwamba Siu-hong, kabla hajaolewa, alikuwa msimamizi wa mstari mzima wa mafundi katika kiwanda cha viatu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipoolewa, mama mkwe wake ndiye aliyemwita pwani, kwa sababu chaza zilihitaji mikono, na mume hakusema neno. Mimi najua kwa sababu aliniambia mara moja, tukiwa tunakosha visu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Sijui kama alikuwa akilifikiria hilo siku ile. Hakusema, nami sikumuuliza.

Aliyemfuata Pe-yu hadi kituo cha basi ni Bong-chi, na aproni yake ikidondosha maji.

"Mlete kwangu," alimwambia. "Chumba kipo. Nilikuwa nahifadhia nyavu tu."

"Lakini shangazi, wewe si husema mwanamke ajue kiasi?"

"Yule ni wa kwenye tivii, wewe ni wa kwetu. Usinichanganyie mambo. Anakula nini huyo mtoto?"

Kesho yake Siu-hong alipopata habari, alimsimamia wifi yake kichwani mbele ya wote. "Unanipangia mjukuu wangu?"

"Umemkataa."

"Sikumkataa yeye!"

"Basi uliyemkataa mwambie mwenyewe. Mimi nina kazi." Na Bong-chi akavuta kamba nyingine iliyoota chaza.

Kwa wiki kadhaa hawakusemezana. Siu-hong alihamishia kigoda chake upande wa pili, akitazama tivii kwa ubavu. Bibi Yun alipata kiti chake, watu walimsujudia, Siu-hong hakusema kitu, na banda lilikuwa kimya hadi tukaona haya. Ning-ning alikuja mwezi wa nne. Kila alasiri alipita bandani akitoka shule, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na Bong-chi. Siku moja alikaa karibu na bibi yake, pengine kwa sababu upande ule ulikuwa na feni. Siu-hong alimtazama, akamsogezea ndoo asije akalowa. Baada ya hapo mtoto alikuwa akilala kwa bibi yake Jumamosi.

Miaka miwili ikawa mitatu. Pe-yu alikuja mwaka mpya, akala, akarudi. Yeye na mama yake walizungumza juu ya bei ya chaza na maumivu ya magoti ya baba yake. Mwishowe alimchukua mtoto waende wakaishi pamoja huko Vietnam, kwa kuwa kampuni ilimpa nyumba. Siu-hong aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Bong-chi alisema ana kazi.

Lakini kesho yake hakuja kazini, wala siku iliyofuata. Siu-hong alipika uji wa mchele na samaki, akaufunga vizuri, akaupeleka. Alimkuta wifi yake amekaa kwenye kile chumba alicholala Ning-ning, nyavu bado ziko uani.

"Kula," alisema Siu-hong.

Bong-chi alionja. "Hauna chumvi."

"Basi tia."

Akatia, akala uji wote.