CD ya Kutishia Ngedere

Juzi, kwenye kibanda cha fundi kompyuta pale Ufukoni, nilimkuta mama mmoja kutoka Nanyamba. Kompyuta yake ilikuwa imegoma kuwaka, naye kaifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa.

"Hii inatakiwa kupigwa window upya, iwekewe programu zake kutoka mwanzo," fundi akamwambia. "CD yake ya kuziwekea iko wapi?"

"Nimeitundika shambani, mwanangu. Ikipigwa na jua inang'aa, ngedere wanakimbia, hawagusi mihogo."

Tulicheka sana, hata mama mwenyewe. Fundi akasema haidhuru, atatumia flashi yake, kazi ni ileile. Akaichomeka. Kidole kikiwa juu ya kitufe, akauliza, "Humu hamna kitu cha maana, eti mama? Maana hii ikianza inafuta vyote."

Mama akamdaka mkono.

"Inafuta? Sauti ya marehemu mume wangu imo humo! Alijirekodi akisoma Yasini. Sina pengine pa kumsikia."

"Aliihifadhi sehemu gani?"

"Nitajuaje mimi? Yeye ndiye aliyekuwa akinifungulia."

Fundi akachomoa flashi polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Akasema atajaribu kwanza kuitafuta hiyo sauti. Mama akamtaka aape kwamba ataipata. Hakuapa. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa na mama.

Tulikuwa tumewacheka ngedere kwa kuikimbia CD wasiyoijua kazi yake. Sisi tunaojua kuwa inafuta vyote, hakuna aliyethubutu kukisogelea kile kitufe.