Muhuri wa Ruhusa ya Kusali

Juma lililopita, kwenye ofisi ya jiji huku ughaibuni, Scarborough, mzee mmoja wa Kitanzania aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliniomba nimtafsirie ombi lake la kibali. Alikuwa ameshika bahasha yenye barua na picha mbili za pasipoti. Jumamosi ilikuwa arobaini ya mama yake, ndugu na majirani wangekuja kusali nyumbani kwake, ghorofa ya tisa, na jirani mmoja alikuwa ametishia kuita polisi.

"Kibali cha nini?" karani akauliza.

"Cha kusali."

"Nyumbani kwako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Karani akavua miwani. "Hilo halihitaji kibali chetu. Msizibe korido tu, wala msipige kelele."

Nilipomtafsiria, mzee hakuamini. "Dada, mweleze vizuri. Kwetu hata mwenyekiti wa mtaa hupewa taarifa."

Nikarudia polepole, kama ninavyorudia hesabu darasani. Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Kisha akaisukuma barua kwa karani. "Basi agonge muhuri kwamba kibali hakihitajiki."

Karani akacheka, akagonga muhuri wa tarehe. Mzee akaupuliza wino mpaka ukakauka.

Jumamosi nilikwenda. Barua ilibandikwa mlangoni, na ndani watu walisali bila kuangalia mlango.

Wasomaji wa safu yangu hii gazetini hubishana kama serikali iwe kubwa au ndogo. Mimi namfikiria yule mzee. Miaka mingi nimefundisha watoto kunyoosha mkono kuomba ruhusa kabla ya kusimama. Sikumbuki kama niliwahi kuwaambia ni lini waushushe.