Mama Mkwe Niliyemkuta Langoni

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Siku ile hata busaa sikuonja, na jua la saa sita lilikuwa utosini. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba Tororo, nimekuja nyumbani kwa ruhusa.

Mke wangu alikuwa na uchungu siku ya pili, kijijini kwetu karibu na Masafu. Mkunga akatoka nje. "Bwana, mimi nimeshindwa. Kimbia, lete mama yake."

Nikatoka mbio. Njia ya ukweni hupita kwenye ngome ya wazee wetu, yenye ukuta wa udongo, handaki na lango moja tu. Wageni huja kulistaajabia lango lile. Mimi nilikuwa na hofu tupu.

Langoni alisimama mwanamke, kanipa mgongo, kajitanda shuka la mama mkwe. Nalijua shuka lile! Sasa wewe ungefanyaje? Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikarukia handakini, nikageukia ukuta, nikapaza sauti: "Mama, binti yako anakufa!"

"Nakwenda," akajibu. "Wewe kaa hapo, usigeuke."

Nikakaa mpaka hatua zake zikapotea, ndipo nikafuata.

Nilipofika nyumbani, mtoto analia! Wa kike, mzima, na mama yake mzima. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mkunga akanieleza kwamba mkwe wangu alifanya kazi kimya, uso kaufunika, mikono baridi, kisha akachukua kondo la nyuma, akalifunga kwa jani la mgomba, akaenda kulizika.

Hatujamaliza kushukuru, mama mkwe akaingia uani anahema, kikapu kichwani. "Natoka soko la Masaba sasa hivi. Kwa nini mmenificha uchungu wa mwanangu?"

Mkunga akamtazama, akamtazama tena. "Huyu si yule," akasema.

Haki ya Mungu! Nilisahau hata kumkwepa mkwe wangu.

Kondo tulilitafuta kila mahali. Wazee wakaona udongo mbichi pale langoni, na ncha ya jani la mgomba imechomoza. Hakuna aliyethubutu kulifukua. Na kwetu, nyumbani kwa mtu ni pale lilipozikwa kondo lake.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa. Anakula kwangu, analala kwangu. Lakini kila jioni husimama, akatuaga kwa adabu: "Asanteni. Sasa naenda nyumbani." Na kila jioni mama yake humshika mkono, analia.

Ndugu yangu, kondo la mwanao lizike mwenyewe. Usimwachie mtu, hata awe nani.