Viroba ishirini vya kufundishia kusoma, na fimbo ya mpingo niliyoona aibu kuishika

Wakuu, za mchana. Wakubwa wangu mliomo humu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi.

Ninachosimulia hapa ni kweli tupu, nimebadilisha jina moja tu. Mwenye jina lenyewe siku hizi anaweza kuusoma uzi huu mwenyewe, kwa hiyo sina ujanja wa kuongeza chumvi.

Mie ni mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja ya kata huku Kibamba. Ukiiacha Morogoro Road unaingia ndani kwenye vumbi, unapita mashine ya kusaga, umefika. Jina la shule mtanisamehe.

Mwaka jana nilipewa kidato cha pili. Wiki ya kwanza tu nikagundua nina wanafunzi wanane wasiojua kusoma. Siyo kwamba wanasoma polepole. Hawajui. Walivukaje darasa la saba? Huo ni uzi wa mtu mwingine.

Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kidato cha pili. Ukifeli unarudia. Kwa hawa wanane, kurudia kulikuwa na maana ya kuacha shule, na wao walilijua hilo kuliko mimi.

Nikaomba stoo ya nyuma ya ofisi, ile ya majembe na viti vibovu. Nikaifagia. Nikawa nawachukua kila siku saa tisa, wenzao wakishaenda zao.

Vitabu vya kuwatosha hakuna. Nikapanda gari hadi Manzese kwa wauza viroba vitupu, nikanunua ishirini. (Viroba vya salfeti jamani, vya kubebea unga, siyo vya pombe, wazee wa vijiweni tulieni.) Nikavifumua, nikavifua, nikavianika. Kila kimoja nikaandika sentensi moja kwa marker pen na mchoro pembeni. Juu nikapitisha kijiti, nikavitundika ukuta mzima kuanzia mlangoni.

"Mvua inanyesha Kibamba."

"Bibi anachambua mchele."

"Korosho zimeiva kwa babu."

Wakuu, ile stoo ilipendeza mpaka nikawa naingia hata nisipokuwa na kipindi. Ukuta mmoja una yale matofali ya matundu. Jua la alasiri likipenya pale linaangukia kwenye viroba kwa vidoadoa, upepo ukija kidogo viroba vinapumua, na maneno yanapumua navyo. Vumbi la chaki linaelea, joto linakufumba macho. Siku moja nilisinzia kitini, nikaota maneno yangu yameteremka ukutani, yamepanga foleni, yanatembea taratibu kuelekea Kiluvya. Wala sikuyazuia. Nilifurahi kwamba yanajua kutembea.

Wathibiti ubora, wakaguzi wetu, walipopita wakazisifu zana zangu. Mkuu wa shule akapiga picha, akairusha kwenye grupu la walimu. Kichwa kikavimba, sikatai.

Kati ya wale wanane alikuwepo binti, nimwite Somoe. Kwao Lindi, baba yake anachonga vinyago kibandani kwake hapahapa Kibamba. Mpole, sauti nzuri. Miezi miwili tu akawa anasoma ukuta mzima. Nikimwonesha kiroba kwa kipande cha mpini wa ufagio, anasoma bila kukwama, macho yameenda mbali kidogo, kama mtu anayesimulia ndoto aliyoipenda. Mie nilikuwa nikimsikia nacheka mwenyewe. Kuna siku nilipiga makofi peke yangu.

Kikao cha wazazi, nikamfuata baba yake. Kabla sijasema kitu akanitangulia.

"Mwalimu, mie sina maneno mengi. Huyu akirudia darasa namrudisha Lindi kwa shangazi yake, akaokote korosho. Mwaka mwingine wa kukaa bure sina."

"Mzee wangu, ondoa wasiwasi. Binti yako anasoma," nikamwambia, kifua mbele.

Wiki iliyofuata akamtuma Somoe na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Fimbo ya kuoneshea, ya mpingo mtupu, imelainishwa mpaka inateleza mkononi, na kwenye kishikio amechonga ndege mdogo. Niliipenda kuliko simu yangu. Mpini wa ufagio nikautupa siku ileile.

Sasa sikilizeni.

Masika yalipopamba moto, bati la stoo likavuja. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa zamu ya usafi wakavitoa viroba vyote, wakavianika kwenye uzio, vilipokauka wakavirudisha wanavyojua wao. Mie siku hiyo nilikuwa kwenye kikao, nikaingia stoo nimechelewa, sikuangalia mpangilio.

Nikasema, "Haya Somoe, tufungulie."

Nikaweka fimbo kwenye kiroba cha mlangoni. Kilikuwa kimeandikwa "Tulichelewa basi la mwendokasi."

Somoe akasoma kwa ile sauti yake nzuri, "Mvua inanyesha Kibamba."

Nikadhani ananitania. Nikasogeza fimbo kwenye cha pili, kilichoandikwa "Fundi ameshuka ngazi."

"Bibi anachambua mchele."

Cha tatu. "Korosho zimeiva kwa babu." Na pale hapakuwa na korosho wala babu, palikuwa na mchoro wa ng'ombe.

Hakuna aliyecheka. Na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu watano kati ya wenzake walikuwa wanatikisa kichwa kukubali kwamba amesoma vizuri.

Nikakaa kwenye kiti kibovu. Mwanga ulikuwa uleule, vidoadoa vilevile, viroba vinapumua kama kawaida yake. Niliona kama mimi ndiye niliyekuwa usingizini miezi yote ile na wao wanane wananiangalia nikilala.

Walimu wenzangu mtanielewa. Sisi zana ikishatundikwa, haitunduliwi. Inasubiri wakaguzi. Ikipendeza ndiyo kabisa, unaipa mahali pake kama picha ya harusi. Sikuwahi kukihamisha kiroba hata kimoja. Watoto wakakariri ukuta: cha mlangoni ni mvua, kinachofuata bibi, cha dirishani korosho. Herufi hawakuwa na haja nazo.

Somoe alinitazama usoni, akaona kwamba nimejua. Akachukua begi lake, akatoka. Saa tisa ya kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja, siku ya tatu pia.

Siku ya nne nikaiviringisha fimbo kwenye gazeti, nikaenda kibandani kwa baba yake. Njia nzima natamani mvua inyeshe nipate sababu ya kugeuza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu kigoda."

Sikukaa. Nikamwambia nimemdanganya. Sikukusudia, ila nimemdanganya. Binti hasomi, na kosa ni langu, si lake. Nikamwekea fimbo yake mbele.

Mkononi alikuwa na kinyago kilichopasuka kifuani, cha mtu mrefu. Akawa anakikata vipande huku mie nimesimama kama mshtakiwa. Nikamuuliza anakitupa?

"Mti huu nitautupaje? Mtu mzima ameshindikana. Nitapata vijiko viwili na kitana." Akaisukuma fimbo kwangu kwa mguu. "Kaa nayo. Ila neno langu liko palepale. Akirudia, anaondoka."

Nilirudi na lile neno la vijiko.

Kesho yake nilivitundua viroba vyangu, nikachukua mkasi, nikavikata. Wakuu, iliniuma. Nilikata sentensi nikapata maneno, nikakata maneno nikapata silabi. Nikajaza beseni la kufulia. Ukutani nilibakiza kimoja tu, cha mvua, kwa sababu ndicho nilichoandika cha kwanza na moyo ulikataa.

Somoe alirudi Jumatatu. Sijui kwao waliongea nini. Alisimama mlangoni, akaangalia ukuta uliobaki na kiroba kimoja, akaangalia beseni.

"Mwalimu, sasa tutasoma wapi?"

"Chini," nikamwambia. "Nami nitakaa chini."

Tukawa tunakaa sakafuni. Unazamisha mkono kwenye beseni, unatoa vipande, unaunga neno. Leo kipande kiko hapa, kesho kiko chini kabisa. Hakuna mlangoni wala dirishani. Wiki za mwanzo zilikuwa chungu. Ile sauti nzuri ya Somoe ikapotea, ikaja nyingine ya kukwaruza, ya mtu anayepanda kilima na ndoo kichwani.

"Ko... ko-ro... sho."

Akakigeuza kipande, akakirudisha.

"Korosho," akasema, taratibu sana. Kisha akaniangalia kwa mashaka, akitafuta usoni kwangu kama ni kweli. Safari hii sikupiga makofi. Nilimwuliza, "Una hakika?" Akaangalia tena vipande, siyo mimi. "Nina hakika."

Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Tulienda hivyo mpaka Novemba. Maneno ya kwenye beseni yakafifia, nikawa nayapitishia marker pen upya. Wengine nao wakaanza kuamka mmojammoja. Siku ya mtihani wa Kiswahili nilisimama mbali chini ya paa la ofisi na fimbo yangu mkononi, nasubiri kama mzazi wodini.

Matokeo yalitoka Januari. Kati ya wanane, walivuka watano. Watatu hawakuvuka, na nao siwasahau, wawili bado niko nao sakafuni na mmoja hakurudi. Somoe alivuka kwa kuchubua ngozi, Kiswahili alipata D. Hiyo D naiheshimu kuliko A zote nilizowahi kuziona.

Baba yake alipopata habari alinitumia kitana. Ndiyo, kile cha mtu aliyepasuka.

Wiki ya kufungua shule nikaingia stoo kufanya usafi. Nikakitundua kile kiroba cha mvua nikifue, kimejaa vumbi. Nikakigeuza. Nyuma, upande ule unaolala ukutani, kulikuwa na maandishi ya marker pen. Herufi nyingine kubwa, nyingine ndogo, mstari unashuka kama njia ya bondeni. Mwandiko naujua.

"Mwalimu nilitaka kukuambia sijui kusoma ila ulikuwa unafurahi sana nikaogopa."

Nilikaa pale mpaka jua likahama kwenye matundu. Nimeyasoma mara nyingi.

Mie nilidhani kosa langu lilikuwa kutohamisha viroba. Kosa kubwa lilikuwa kile kicheko changu. Mtoto aliona furaha yangu, akaamua kuilinda, na nusura imgharimu shule.

Kiroba sikukifua. Nimekitundika tena mahali palepale mlangoni, ila kimegeuzwa. Vipya nilivyoongeza vyote nahamisha kila wiki. Hicho hakihami, na hicho nakisoma mimi.

Walimu mliomo humu, zana zenu mnazihamisha au ndiyo zinasubiri wageni? Na nyie wengine, yupo mtu uliyewahi kumficha ukweli kwa sababu tu alikuwa anafurahi? Wekeni hapa chini, nipo nasoma zote, taratibu.