Ndege ya Betri na Safari ya Justa

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana mpaka leo nikipita sokoni Nshamba kuna wazee wananyoosha mikono kama mabawa na kuvuma kwa midomo, nami nacheka nao (nifanyeje?), ila aibu wanayoicheka wao siyo ile inayonichoma mimi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, mimi kijana fundi redio, na Bruda mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia ndege yake ya kuchezea, ya mbao nyepesi, mota yake ya betri, ndani ina risiva ya kunasa mawimbi, unaiongoza ukiwa chini kwa kisanduku chenye antena ndefu. Na kulikuwa na Justa, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri wa Buganguzi (mimi Mkatoliki, mnaona mambo yalivyoanza vibaya), niliyempenda miaka miwili bila kumwambia hata neno moja. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Dodoma, na siku ya pili baada ya Saba Saba angepanda meli Bukoba aende zake. Nikajiambia, Saba Saba nairusha ndege mbele ya watu wote, Justa ataona, na akishaona maneno yatakuja yenyewe.

Sikilizeni kosa lenyewe. Siku moja kabla niliipeleka ndege rweya, yale majani matupu nje ya migomba, nikaiweka chini, nikarudi nyuma na kisanduku hatua mia mbili, na mkia bado unanitii, nikafurahi. Ila mota sikuiwasha. Betri ilichajiwa kwa jenereta ya misheni, tena kwa kubembeleza, nikaona kuwasha mota bure ni kumaliza chaji. Hako tu ndiko kalikoniponza.

Saba Saba uwanja umejaa, mgeni rasmi kamaliza hotuba ya kujitegemea, katibu wa tawi akanitangaza, nikairusha, ikapanda, vigelegele, nikamtafuta Justa kwa macho nikamwona kati ya wanakwaya wenzake, mkono mdomoni, na hapo hapo ndege ikaacha kunisikia. Naipeleka kulia, inakwenda kushoto; naiinua, inashuka, ikaja moja kwa moja jukwaani, mgeni rasmi akaingia chini ya meza na kitambaa na maua yote, kwaya ikatawanyika, katibu analia kwenye kipaza sauti, "Ndugu mwananchi, rudisha hicho chombo! Rudisha, waitu, tafadhali!", na chombo kikapita juu ya vichwa kikaenda kujichomeka kwenye migomba ya watu. Uwanja mzima ulicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nilikimbilia migombani, nusu kutafuta ndege, nusu kujificha. Nikasikia hatua nyuma yangu. Justa, peke yake, viatu mkononi.

"Mawe, Deusi!" akasema, ule mshangao wetu wa Kihaya. "Umeumia?"

"Mimi? Hapana. Ni risiva."

(Risiva! Mtu anakuuliza kama umeumia.) Tuliikuta imening'inia kwenye jani, bawa limechanika, vingine vizima. Ningesema pale pale, hapakuwa na mtu. Lakini niliwasha mota kuijaribu, mkia ukaanza kutetemeka wenyewe, ufundi ukanipanda kichwani, nikamwambia twende rweya, nikamkabidhi kisanduku.

"Uwe unasukuma hiki kijiti huku unarudi nyuma."

"Mpaka wapi?"

"Nenda tu, nitakuambia."

Mota ikiwa imezimwa alikwenda mpaka gauni lake la bluu likawa dogo kule mbali, na mkia unatii. "Bado?" anaita. "Nenda!" naita mimi. Nikawasha mota, mkia ukafa. Nikamrudisha pole pole, na alipobakiza hatua thelathini hivi ndipo ukaamka. Nikaruka kwa furaha! Kelele za umeme za mota ndizo zilizokuwa zinaizidi nguvu risiva, na waya wa antena ya risiva mimi mwenyewe niliupitisha ubavuni mwa mota ili usining'inie, ndege ipendeze. Nilimweleza yote hayo, na brashi za mota zinavyotoa cheche nikamweleza, naye ananisikiliza, amekikumbatia kisanduku kifuani.

"Kwa hiyo sasa umejua tatizo," akasema.

"Nimejua!"

Akangoja. Nawaambia alingoja, akiniangalia usoni, nami nikadhani anangoja nimpokee kisanduku, nikampokea.

"Haya, Deusi. Kesho asubuhi nakwenda Bukoba."

"Asante sana kwa kunisaidia," nikasema.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Nikamwangalia anavaa viatu, anashika njia ya Buganguzi, na sikumwita. Wiki ile ile niliuhamisha ule waya, ndege ikaruka mbali kuliko nilivyowahi kuota, nikabaki nimesimama rweya naitazama, sina wa kumwonyesha. Nikaapa sitamfanyia tena mtu maonyesho. Nikiwa na neno nitalisema, hata likitoka vibaya. Ndiyo maana marehemu mke wangu nilimposa kabla hajamaliza kunisalimia, na tuliishi vizuri, sina lawama. Justa nasikia aliolewa huko huko Dodoma, ana wajukuu. Simtaki kwa lolote sasa, uzee huu. Natamani tu dakika moja naye, nimwambie kwamba siku ile nilikuwa nampenda, na nimwombe msamaha kwa vile nilivyomshukuru.