Pikipiki ya Kupandwa na Kikwembe

Kaka yangu mkubwa alininunulia pikipiki ambayo nisingeweza kuipanda, kwa pesa zangu mwenyewe, na alijua. Watu wa ukoo bado wanamtetea. Wanasema hakuelewa mambo ya mashine, wanasema moyo wake ulikuwa mweupe. Haukuwa mweupe. Nilikaa naye nyumba moja kule Kadutu miaka sita baada ya baba kufa, na kwa miaka yote hiyo barua zangu zilinifikia zikiwa zimeshafunguliwa. Namjua.

Mimi nilikuwa muuguzi hospitalini, wadi ya wazazi. Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, alikuwa karani wa serikali, na serikali ya miaka ile ililipa ilipokumbuka. Kwa hiyo maharage ya nyumba ile nilinunua mimi, chumvi mimi, sabuni mimi, na rangi ya viatu vyake vyeusi mimi. Usiku nililala sebuleni, kwenye mkeka, baada ya wageni wake kumaliza kuongea siasa na kwenda zao.

Basi sista mkubwa wa hospitali, mtawa wa Kizungu ambaye maneno aliyatoa kwa kijiko, akatangaza kwamba zahanati tatu za upande wa Kabare zinatafuta muuguzi wa kuzizungukia kila wiki. Atakayechaguliwa atapewa mafuta, na atapewa chumba ndani ya ua wa hospitali, chenye mlango na ufunguo wake. Pikipiki alete mwenyewe, na awe ameshajua kuiendesha kabla ya mvua za Septemba. Tulijitokeza wawili. Mwenzangu alikuwa mwanaume, na pikipiki yake aliahidiwa na mjomba aliyekuwa Bujumbura. Mimi nilikuwa na bahasha niliyoijaza miaka mitatu, nimeishonea ndani ya mto. Nisidanganye, zahanati hazikunikosesha usingizi. Niliutaka ule ufunguo.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu nguo. Miaka ile suruali kwa mwanamke ilikuwa marufuku. Mwanamke wa Zaïre alivaa kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, basi, na vijana wa chama walizunguka mjini kuhakikisha. Ukikamatwa na suruali sokoni, unaivulia palepale. Sasa chukua kikwembe, kifunge kiunoni mpaka kwenye vifundo, halafu jaribu kurusha mguu juu ya pikipiki yenye tangi la mafuta mbele ya kiti. Utafika mapaja nje, na mtaa mzima umesimama kutazama. Mwanaume alichagua pikipiki kwa nguvu na bei. Mimi nilichagua kwa kuangalia kwanza kama pana nafasi ya kupitisha magoti mbele ya kiti.

Nilitafuta mwezi mzima, kila siku nikitoka kazini. Hatimaye nikaipata mtaa wa Nguba, kwa mwalimu mmoja mzee aliyestaafu. Ilikuwa ndogo, ya kijani iliyopauka, imeinama katikati, tangi lake limefichwa chini ya kiti. Unapita tu, unakaa kama kwenye kigoda. Haikuwa na klachi ya mkono. Kiti kilikuwa kimepasuka na taa ya nyuma haikuwepo, lakini injini ilikuwa inanguruma vizuri. Yule mzee alinishika bega akanizungusha kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa, kwenda na kurudi, mara nne. Mara ya tano aliniacha na mimi sikujua. Niliendesha peke yangu mpaka kwenye kona, nikacheka kwa sauti, mimi ambaye sikuwa mtu wa kucheka.

Nikamwambia naichukua. Akakuna kichwa. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi kimya kimya, awe ng'ombe, liwe shamba, iwe mashine. Muuzaji anatoa mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mwanaume wa upande wa mnunuzi anakunywa naye mbele ya mashahidi. Wakishakunywa, biashara imefungwa, hakuna wa kurudisha wala wa kudai. Mwanamke kazi yake ni kuleta mtungi na kupisha.

"Ma fille, mi sikatai kukuuzisha," alisema mwalimu, akiniita binti yake kwa Kifaransa. "Lakini leta mwanaume wa kwenu akunywe. Nikiuzisha kwa mwanamuke peke yake, kesho ndugu zako batakuja kusema nimekudanganya."

Baba alikuwa kaburini. Mwanaume wa kwetu alikuwa yaya. Nilimkabidhi bahasha Jumamosi asubuhi, na kwa vile nilimjua, nilimchorea ile pikipiki nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la wagonjwa: kiti, mahali pa magoti, rangi yake, njia ya kufika kwa mwalimu. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati, akaniambia nisihangaike.

Alirudi jioni akiwa juu ya pikipiki nyekundu, ndefu, tangi limevimba mbele yake, na pumzi yake yote kasiksi. Watoto wa mtaa walikuwa wanamkimbilia nyuma. Alikuwa amekwenda kwa mfanyabiashara mmoja, rafiki yake wa siasa, wala Nguba hakukanyaga. Mama alitoka jikoni akapiga vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni nikaangalia lile tangi, nikaangalia kikwembe changu, nikaelewa kabla hajazima injini. Nilimwuliza nitaipandaje.

"Ile ya Nguba iko ya bamama bazee," alisema. "We utapanda ku nyuma. Mi nitakuwa nakubeba."

Hapo ndipo nilipomchukia. Si kidogo kidogo, si kwa mawazo. Nilimchukia palepale, mwili mzima, nikaenda kuosha vyombo. Mama alinifuata, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yaya ndiye baba yangu sasa, na kwamba pombe imeshanywewa. Kesho yake nikaiona karatasi ya pikipiki juu ya sanduku lake. Imeandikwa jina lake.

Nilijaribu hata hivyo. Asiyejaribu haambiwi ameshindwa, na mimi nilitaka kuambiwa. Siku tatu nilimwomba yaya ufunguo alipokwenda kulala mchana, nikaisukuma mpaka uwanja wa shule. Nikijifunga kikwembe chini, siwezi kupanda. Nikikipandisha, vijana wa chama wanakuja. Walikuja. Walinisimamisha na kuniuliza kama nauza, na yule mdogo wao, ambaye mama yake nilimzalisha mimi, ndiye aliyecheka zaidi. Siku ya tatu vidole vya miguu havikufika chini kwenye mteremko, pikipiki ikanilalia, na bomba lake la moshi likaniachia alama ya kuungua kwenye shavu la mguu ambayo ninayo mpaka leo.

Yaya alinipeleka hospitalini mwenyewe kumwonyesha sista. Alivaa koti. Mimi nilikaa nyuma kiupande kama furushi la mkaa. Alimweleza sista kwa Kifaransa chake cha ofisini kwamba atakuwa ananizungusha kwenye zahanati zote, na kwamba yale mafuta atakuwa anayasaini yeye. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Niliomba muuguzi mwenye pikipiki," alisema kwa Kiswahili. "Sikuomba pikipiki yenye mwanaume."

Pikipiki ya mwenzangu ilikuwa bado Bujumbura, kwa hiyo akanipa wiki mbili za kuja na ninayoiendesha mwenyewe. Yaya alinung'unika njia nzima kwamba Wazungu hawana adabu. Mimi nilikuwa nyuma, naiangalia shingo yake, napanga.

Nilikuwa na mgonjwa wa zamani, mfanyabiashara wa dhahabu wa Luhwindja, niliyemfunga jeraha la mguu miezi miwili mpaka likapona. Alikuwa mrefu kama mlingoti, na kila akishuka mjini alifikia nyumba moja ya wageni chini ya soko. Nilimwuliza kama anataka pikipiki nyekundu, karatasi yake haina jina langu. Alisema kule mgodini barabara zenyewe hazina karatasi.

Jumapili, yaya akiwa kanisani na wanakwaya wenzake na mama akiwa kwenye benchi la mbele, nilifunga nguo zangu kwenye kikwembe kimoja, nikauchukua ufunguo kwenye koti lake la kazi, nikaitoa pikipiki. Kuiendesha sikuweza, lakini Kadutu iko juu na soko liko chini. Niliishikilia kwa breki mteremko mzima, viatu vinateleza, na kila aliyenisalimia nilimjibu kwamba naipeleka kwa fundi. Wengine watauita wizi. Wauite. Pesa aliyonipa yule mtu wa dhahabu ilikuwa pungufu ya ile ya kwenye bahasha, lakini ya Nguba ilitosha, nami sikubishana.

Kutoka pale nilinunua mtungi wa kasiksi, ingawa ni wa muuzaji kutoa, nikaenda Nguba. Mwalimu alikuwa amekaa nje na mke wake na majirani wawili. Aliangalia nyuma yangu kuona ni mwanaume gani anakuja. Nilimwambia hakuna. Nikaweka pesa na mtungi chini, nikachukua mrija, nikainama, nikanywa. Ilikuwa chachu na ilikuwa ya moto kwa jua. Jirani mmoja aliinuka akaenda zake bila kuaga. Mke wa mwalimu akamsogezea mume wake mtungi kwa mguu, akamwambia anywe, jua linazama. Akanywa. Akaniandikia karatasi kwa mwandiko wake wa ubaoni, jina langu lote.

Usiku huo nililala kwa mwenzangu wa wadi. Jumatatu nilizunguka ua wa hospitali mbele ya sista, polepole, magoti pamoja, kikwembe hakikusogea. Alinipa ufunguo wa chumba.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kwenda Kabare. Nilikuwa nafunga sanduku la dawa nyuma ya kiti, sista amesimama na orodha yake, mlinzi ameshafungua geti, ndipo yaya akaingia. Alikuwa ametoka Kadutu kwa miguu. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vyekundu kwa udongo. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, niliona, lakini alipomwona sista aliyapunguza.

"Huyu iko dada yangu," alimwambia. "Na ile pikipiki iko ya kwetu."

Sista alinitazama. Wiki mbili hazikuwa zimepita tangu amsikilize yaya, lakini aliniuliza kama namfahamu mtu huyu. Nilikuwa na majibu mengi. Kama ningesema ndiyo, kungekuwa na kikao, kungekuwa na wazee, kungekuwa na mtungi mwingine, na mwisho wa yote chumba changu kingekuwa na mkeka wa yaya ndani.

"Hapana, ma soeur," nilisema. "Simujue."

Nilitegemea yaya atapiga kelele. Hakupiga. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Nikapanda, nikapiga kiki. Haikuwaka. Nikapiga tena. Injini ilikohoa ikanyamaza, na jasho likanitoka mgongoni, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama. Mara ya tatu ilipokataa, yaya alisogea nyuma yangu, bila hasira, bila kufikiri hata, akanyoosha mikono yote miwili anisukume, kama alivyonisukuma nilipokuwa mdogo tukipanda na kuni kutoka mtoni.

"Usiguse," nilimwambia.

Mlinzi akamshika kiwiko. Alimwita papa, yaani baba, kwa heshima, akamwambia kwamba ameshaambiwa asiguse. Nikapiga kiki mara ya nne, ikawaka, nikatoka getini nikashika njia ya Kabare, na sikugeuka kuangalia kama bado ameinyoosha ile mikono.