"Delirium" kwenye faili la mzee: Kilatini kilivyomzuia shangazi kumpeleka kwa mganga

Wakuu, habari za kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mwanza, sijaongeza chumvi.

Mzee wangu alilazwa kwa maambukizi ya mkojo. Siku ya tatu akaanza kuongea hovyo. Ananiita kwa jina la marehemu babu, anataka kushuka kitandani akasalimie wageni ambao hawapo.

Niliogopa vibaya sana.

Kwenye faili wameandika "delirium". Nikaingia Google, nikakutana na mambo ya kutisha, nikazima simu.

Jioni shangazi, dada mkubwa wa mzee, akavuka kutoka Sengerema. Alipomsikia tu, akasema karogwa, anaondoka naye sasa hivi kwa mganga. Dripu ya antibiotic ndiyo kwanza imefika nusu!

Na mimi kumbishia shangazi? Thubutu.

Ndipo akaja nesi wa zamu, kijana wa Kijita aliyepitia seminari kabla ya kusomea uuguzi. Wakuu, yule jamaa ni kichwa. Hakufoka wala hakutaja sheria za wodi.

"Shikamoo mama. Umewahi kulima kwa plau?"

"Marahaba. Nimelima mama yako hajaolewa."

Akamweleza kuwa neno la kwenye faili, "delirium", Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini. "Lira" ni mstari wa plau, "de" ni kutoka nje yake. Wakulima wa Kirumi wa zamani ndivyo walivyomsema mtu ambaye akili yake imeacha mstari.

"Sasa mama, maksai akiacha mstari kwa kuchomwa na mwiba, mnamchinja?"

"Tunamchinja kwa nini? Tunatoa mwiba."

"Basi mwiba wa mzee ni haya maambukizi. Hii dawa ndiyo inautoa."

Shangazi akavuta stuli, akakaa. "Nakupa siku mbili," akasema.

Asubuhi ya siku ya pili mzee akafumbua macho, akamtazama shangazi. "Dada, umekuja lini? Wamekupa chakula?"

Shangazi alilia wodi nzima ikageuka. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: usimhamishe mgonjwa kwa hofu. Neno likikutisha, uliza maana yake. Na manesi mnaojua kulieleza neno kwa kazi ambayo mtu anaijua, nawavulia kofia.

Dripu ile ingechomolewa, leo ningekuwa nawaandikia tanzia.

Nani mwingine amewahi kutolewa jasho na neno la hospitali? Shusheni comment, nasoma zote.